Nicolas Poussin, Mchora Picha wa Kifaransa Aliyekaa Roma

Wengi katika wasomaji wetu wamepata kuona picha za habari za Biblia zilizopigwa chapa vitabuni: Waisraeli wakiokota mana jangwani, Rebeka kisimani, Sulemani akiamua baina ya wale wanawake wawili. Pengine chini ya picha pana jina la mchoraji kwa herufi ndogo, nasi hupita bila kulisoma. Leo twataka kusimama penye jina moja kati ya hayo, nalo ni Nicolas Poussin. Hakuwa mfalme wala jemadari, wala hakushinda vita. Alikaa chumbani mwake akafanya kazi polepole miaka mingi. Lakini Wafaransa humhesabu kuwa baba wa wachoraji wao, na mara moja katika maisha yake alilazimika kuchagua baina ya heshima ya mfalme na kazi yake.

Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1594 karibu na mji mdogo wa Les Andelys, nchi ya Normandie, upande wa kaskazini wa Ufaransa, mahali mto Seine unapopinda chini ya majabali meupe. Ufaransa siku zile ilikuwa imechoka kwa vita vya dini, Wakatoliki na Waprotestanti wamekwisha kuuana zaidi ya miaka thelathini. Baba yake, Jean Poussin, alipata kuwa askari. Mama yake, Marie Delaisement, alikuwa mjane wa wakili. Hawakuwa watu wa kuomba, wala hawakuwa matajiri. Kijana akajifunza Kilatini kidogo, na yasemwa kwamba vitabu vyake vilijaa vichwa vya watu na wanyama pembeni, hata walimu wake wakakasirika. Sisi walimu twalijua sana jambo hili, na tangu tuliposoma habari zake tumekuwa wapole kidogo kwa watoto wa namna hiyo.

Yapata mwaka 1612 mchoraji mmoja, Quentin Varin, alifika Les Andelys kuchora picha za kanisa la mji. Picha hizo zingali kanisani humo hata leo. Nicolas alikwenda kumtazama akifanya kazi, na tangu siku hizo hakutaka kazi nyingine. Akiwa na umri wa miaka kama kumi na minane akaondoka kwao, yasemwa bila ya ruhusa ya wazazi, akaenda Paris.

Miaka zaidi ya kumi iliyofuata ilikuwa ya taabu. Alikaa kidogo kwa mwalimu huyu na kidogo kwa yule, lakini mwalimu wake wa kweli alikuwa karatasi: michoro iliyopigwa chapa ya kazi za Raphael, mchoraji mkuu wa Italia aliyekufa mwaka 1520. Akatamani kwenda Roma kuziona kazi zenyewe. Safari ya kwanza alifika Florence akarudi. Safari ya pili hakupita mji wa Lyon. Mtu mwingine angalisema kwamba Mungu amemkataza, akabaki kwao.

Bahati ilimjia mwaka 1622. Mwaka ule Papa aliwatangaza Ignasi wa Loyola na Fransisko Ksaveri kuwa watakatifu, na Wajesuiti wa Paris wakataka picha za kupamba sikukuu. Poussin akawachorea picha sita kubwa kwa siku chache tu. Mtunga mashairi Mwitalia, Giambattista Marino, aliyekuwa akikaa Paris wakati huo, akaziona, akampenda kijana huyu, akampa kazi ya kuchora hadithi za kale za Kirumi. Kwa msaada wa mtu huyo njia ya Roma ikafunguka. Poussin alifika mwezi wa Machi mwaka 1624, umri wake miaka ishirini na tisa.

Lakini kufika siko kupata. Marino akaenda Napoli akafa mwaka 1625. Kardinali Francesco Barberini, mpwa wa Papa, aliyekuwa tumaini lake la pili, akatumwa nchi nyingine kwa kazi ya ubalozi. Mgeni akabaki peke yake katika mji uliojaa wachoraji, akauza picha zake za vita kwa bei ndogo mno ili ale. Kisha akaugua sana. Aliyemhurumia ni Mfaransa mwenziwe, Jacques Dughet, mpishi wa maandazi, aliyemchukua nyumbani kwake akamwuguza hata akapona. Mwaka 1630 Poussin akamwoa Anne-Marie, binti wa mpishi huyo. Hawakupata watoto, lakini ndugu wa mke, Gaspard, alijifunza kazi kwake akawa mchoraji hodari wa mashamba na milima, akajulikana naye kwa jina la Poussin.

Kardinali Barberini aliporudi alimwagizia picha ya kifo cha Germanicus, jemadari wa Kirumi ambaye watu walidhani ameuawa kwa sumu. Picha ilimalizika mwaka 1628, na sasa iko Minneapolis, Marekani. Jemadari amelala kitandani. Askari wanaapa kulipa kisasi. Watoto wamesimama hawajui la kufanya. Na mke wake? Amefunika uso. Sisi twaona kwamba hapo ndipo hekima ya mchoraji ilipo: huzuni ya askari alituonyesha yote, lakini huzuni iliyo kubwa kupita zote aliificha nyuma ya kitambaa, ili mtazamaji aitafute mwenyewe moyoni mwake.

Baada ya hiyo alipewa kazi ambayo kila mchoraji wa Roma aliitamani, kuchora picha ya madhabahu katika kanisa la Mtakatifu Petro: kifo cha shahidi Erasmo. Aliichora mwaka 1628 na 1629. Haikuwapendeza watu kama alivyotumaini. Tangu hapo hakushindania tena makanisa makubwa na majumba ya fahari. Alichora picha za kadiri ya kutundikwa chumbani, kwa ajili ya marafiki wachache waliopenda kusoma. Wa kwanza wao alikuwa Cassiano dal Pozzo, katibu wa Kardinali Barberini, mtu aliyekusanya michoro ya kila kitu kilichosalia cha Warumi wa kale.

Yafaa tueleze jinsi alivyofanya kazi, maana hakuwa kama wengine. Wachoraji wakubwa wa siku zile walikuwa na vijana wengi waliosaga rangi na kujaza nguo na mawingu, naye bwana akamalizia nyuso na mikono. Poussin alifanya yote peke yake. Kwanza alisoma habari kitabuni, tena na tena. Kisha akafinyanga watu wadogo wa nta, akawavika vitambaa vyembamba vilivyoloweshwa, akawapanga ndani ya sanduku lenye matundu ya kupitisha mwanga. Akatazama vivuli vinaangukaje. Akamsogeza huyu, akamwinamisha yule, mpaka habari ikaonekana wazi bila ya maneno. Hapo ndipo aliposhika burashi. Asubuhi alipenda kutembea juu ya kilima cha Pincio na rafiki zake, wakizungumza habari za kazi yao. Na yasimuliwa kwamba mgeni mmoja alimwomba kitu cha kale cha kuchukua kwao kuwa ukumbusho wa Roma. Poussin akainama, akachota mchanga uliochanganyika na vipande vya marumaru, akampa, akamwambia kuwa hiyo ndiyo Roma ya kale.

Picha iliyo nzuri ya kujifunzia njia yake ni ile ya mana, aliyoimaliza mwaka 1639 kwa ajili ya rafiki yake wa Paris, Paul Fréart de Chantelou. Sasa iko katika jumba la Louvre. Upande wa kushoto mama mmoja kijana anamnyonyesha mama yake mzazi, mzee aliyedhoofika kwa njaa, na mtoto wake mwenyewe analia kando akitaka ziwa. Na mwanamume mmoja amesimama akiwatazama kwa mshangao. Upande wa kulia vijana wawili wanagombania chakula kilichoanguka. Katikati Musa anaonyesha mbinguni kilikotoka. Upande mmoja hawajajua kwamba chakula kimeshuka. Upande wa pili wamekwisha kuanza kukigombania. Basi jicho hutembea kutoka njaa hata shibe kama vile mtu asomavyo mstari wa maandishi. Poussin mwenyewe alimwandikia Chantelou asome habari ya Biblia pamoja na picha, apate kuona kama kila kitu kimewekwa mahali pake. Tena akamwomba aitie katika fremu ya dhahabu isiyong'aa sana, ili macho yasipotee kwenye vitu vya jirani.

Walikuwako waliomlaumu, wakasema kwamba mambo ya saa mbalimbali hayawezi kukaa katika picha moja. Mwaka 1667 mchoraji Charles Le Brun alimtetea mbele ya wenziwe wa chuo cha wachoraji cha Paris, akasema kwamba mwandishi ana kurasa nyingi za kueleza yaliyotangulia na yaliyofuata, bali mchoraji ana ukurasa mmoja tu. Mwaka uliofuata wakashindana tena juu ya picha yake ya Rebeka kisimani, ya mwaka 1648. Katika kitabu cha Mwanzo ngamia kumi wametajwa, na Poussin hakuchora hata mmoja! Le Brun akajibu kwamba ngamia wangevuta macho ya watu kutoka kwa Rebeka. Wasomaji na waamue wenyewe. Sisi twakiri kwamba tungalipenda kuona ngamia mmoja, maana Rebeka alisifiwa kwa sababu aliwateka maji hao.

Sasa tufike kwenye habari ya mfalme. Sifa za Poussin zilivuma hata Paris, na Mfalme Louis XIII pamoja na waziri wake mkuu, Kardinali Richelieu, wakamwita arudi. Aliogopa, akakawia zaidi ya mwaka mzima kwa udhuru huu na huu. Mwishowe Chantelou akatumwa Roma kumchukua, na mwezi wa Desemba mwaka 1640 wakafika Paris. Akapokewa kwa heshima kubwa. Akafanywa mchoraji wa kwanza wa mfalme, akapewa mshahara na nyumba nzuri katika bustani ya Tuileries. Mtoto wa Les Andelys, aliyetembea njia hizo akiwa na njaa, sasa anakaa jirani na mfalme.

Walakini kazi aliyopewa haikuwa kazi yake. Aliagizwa kupamba dari ya ukumbi mrefu mno wa Louvre, kuchora picha kubwa za madhabahu, kubuni kurasa za mbele za Biblia na za vitabu vya washairi wa Kirumi, na vitu vidogo vingi vya nyumba za wakubwa. Kila mmoja alitaka chake, na kila mmoja alikitaka kesho. Yeye aliyezoea kuisogeza mikono ya watu wa nta hata jua likachwa, sasa hakuwa na nafasi ya kufikiri. Wenye vyeo vya zamani, Simon Vouet mchoraji na Jacques Lemercier mjenzi, wakamwonea wivu wakamsema. Aliwaandikia rafiki zake wa Roma akilalamika kwamba asipojihadhari atakuwa mtu wa kulipualipua kazi kama wengine.

Afanye nini? Kumkataa mfalme si jambo dogo. Akaomba ruhusa aende Roma kumleta mkewe. Ruhusa ikatolewa, naye akaondoka mwezi wa Septemba mwaka 1642. Mwezi wa Desemba Richelieu akafa. Mwezi wa Mei mwaka 1643 mfalme akafa. Hapakuwa na mtu wa kumdai kwa nguvu, naye hakurudi Ufaransa tena maisha yake yote. Wako wasemao kwamba alidanganya. Sisi twadhani kwamba alipofunga mizigo yake alijua moyoni kwamba harudi. Lakini hatuwezi kumlaumu sana, maana kazi zake zilizo bora alizifanya baada ya kutoroka huko.

Chantelou hakumkasirikia. Alitaka tu picha saba kama zile alizochorewa Cassiano dal Pozzo, za Sakramenti Saba. Poussin hakupenda kujiiga. Akazifikiri zote upya, akazichora kuanzia mwaka 1644 hata 1648. Katika picha ya Ekaristi Bwana wetu na mitume hawakuketi vitini kama tulivyozoea kuona. Wameegemea vitanda kuizunguka meza kwa desturi ya Warumi, usiku, taa inawaka juu ya vichwa vyao. Katika picha ya Mpako wa Mwisho anayekufa ni askari wa zamani wa kanisa la kwanza, na ukutani imetundikwa ngao yake yenye herufi za jina la Kristo. Picha hizi saba ziko Edinburgh, katika nchi ya Scotland. Zile za kwanza zilitawanyika: ya Kitubio iliungua Uingereza mwaka 1816, nyingine zimekwenda Washington, Texas na Cambridge.

Lakini wivu ni kitu cha ajabu, huwapata hata marafiki. Mwaka 1647 Chantelou alisikia kwamba mfanyabiashara mmoja, Pointel, amechorewa picha ya Musa akiokotwa mtoni, tena nzuri kuliko zake. Akanung'unika. Poussin akamjibu kwa barua ambayo wenye elimu ya picha huisoma hata leo. Alieleza kwamba Wayunani wa kale walikuwa na namna mbalimbali za muziki: moja ya mambo mazito ya hekima, moja ya ukali wa vita, moja ya maombolezo, moja ya furaha na ngoma. Kila habari ina namna yake, na mchoraji lazima aifuate. Basi, maana yake ilikuwa hivi: ukiona picha ya furaha inakupendeza kuliko picha ya Sakramenti, usidhani ya kwanza ilichorwa kwa upendo zaidi; wimbo ni mwingine.

Katika miaka hiyo alizidi kupenda kuchora nchi yenyewe, miti, maji na mawe. Mwaka 1648, mwaka ambao watu wa Paris waliinuka juu ya serikali yao, alichora habari ya Phocion, jemadari mwadilifu wa Athene aliyehukumiwa bila haki, akanyweshwa sumu, akakatazwa kuzikwa katika nchi yake. Watu wawili tu wanaichukua maiti yake juu ya machela, imefunikwa nguo. Nyuma yao mashamba yametulia, mchungaji yuko na kondoo wake, gari la ng'ombe linapita, mji unang'aa kwa jua. Hakuna anayegeuka kutazama. Tumeitazama picha hiyo mara nyingi katika nakala, na kila mara utulivu wake hutuumiza kuliko damu ya Erasmo shahidi.

Wako wasemao kwamba Poussin ni baridi, kwamba nyuso zake ni kama za mawe. Lawama hiyo ina ukweli kidogo. Katika Hukumu ya Sulemani ya mwaka 1649, ambayo yasemwa yeye mwenyewe aliipenda kupita zote, mama wa uongo amekunja uso kama mcheza ngoma aliyevaa kinyago. Baada ya kufa kwake wachoraji wa Paris waligawanyika: wengine wakisema kwamba mstari ndio msingi, na Poussin ndiye bwana wao, wengine wakimfuata Rubens, wakisema kwamba rangi ndiyo uhai.

Mikono ilianza kumtetemeka, na mwaka kwa mwaka ikazidi. Kwa mtu aliyefanya kila kitu kwa mkono wake mwenyewe hii ilikuwa adhabu kubwa. Hata hivyo kati ya mwaka 1660 na 1664 alimchorea Duke wa Richelieu, wa ukoo wa yule kardinali, nyakati nne za mwaka kwa habari za Agano la Kale. Adamu na Hawa katika bustani ni majira ya kuchipua; Ruthu akiokota masazo shambani mwa Boazi ni wakati wa joto; wapelelezi wakichukua kichala cha zabibu cha Kanaani ni wakati wa mavuno; na Gharika ni wakati wa baridi. Katika hiyo ya mwisho jua limefifia, nyoka anatambaa juu ya mwamba, mama ndani ya mashua anamwinua mtoto wake apokewe na mtu aliye juu, na safina iko mbali sana, ndogo. Ukiitazama karibu utaona kwamba mistari imetetemeka. Nayo inafaa pale.

Mkewe alikufa mwezi wa Oktoba mwaka 1664. Mwaka huohuo Poussin alimpa Kardinali Camillo Massimi picha ya Apollo na Daphne ambayo hakuweza tena kuimaliza. Huyu ndiye kardinali ambaye, yasimuliwa, usiku mmoja alisindikizwa na mzee mwenyewe hata mlangoni, taa mkononi, akamhurumia kwamba hana hata mtumishi mmoja. Naye mzee akamjibu kwamba yeye humhurumia zaidi kardinali kwa kuwa nao wengi.

Wakati wa joto wa mwaka 1665 Bernini, mchonga sanamu mkuu wa Roma, alikuwa Paris, akaenda nyumbani kwa Chantelou kuziona zile Sakramenti Saba. Aliziangalia moja moja kwa muda mrefu, pengine akipiga magoti apate kuona vizuri. Na siku nyingine, mbele ya picha ya Phocion, aligusa paji la uso wake, akasema kwamba huyu bwana hufanya kazi kutoka hapa. Mwenyewe wakati huo alikuwa amelala mgonjwa Roma, na tarehe 19 Novemba akafa, umri wake miaka sabini na mmoja. Akazikwa katika kanisa la San Lorenzo in Lucina.

Zaidi ya miaka 160 ikapita kabla Chateaubriand, mwandishi aliyekuwa balozi wa Ufaransa huko Roma, hajamfanyia ukumbusho wa marumaru kanisani humo. Juu ya jiwe imechongwa moja ya picha zake: wachungaji wamekuta kaburi katika nchi yenye amani, na mmoja amepiga goti, anafuata maandishi kwa kidole, herufi kwa herufi, kama mtu aliyejifunza kusoma juzi.